Ahadi ya Utanzu: Ugomvi wa Wasomaji juu ya It Ends with Us ya Colleen Hoover

Mwaka 2016 wasomaji wa mtandao wa Goodreads walipiga kura wakaichagua It Ends with Us, riwaya ya Mmarekani Colleen Hoover iliyotolewa na Atria Books mwezi Agosti mwaka huo, kuwa riwaya bora ya mapenzi ya mwaka. Ugomvi ambao haujapoa hadi leo umo ndani ya uamuzi huo. Je, kitabu ambamo mume anampiga mkewe, anamsukuma kwenye ngazi, kisha anajaribu kumbaka, ni riwaya ya mapenzi? Wako wasomaji wanaosema ndiyo, tena ndiyo iliyowafumbua macho kuliko zote, kwa sababu iliwafanya wamwelewe mama, dada au hata nafsi zao wenyewe. Wako wanaosema kitabu hiki kimekipaka kipigo manukato. Na wako wahakiki wanaoona kwamba ugomvi wote ni wa bure, kwa kuwa fasihi pendwa haistahili kusomwa kwa makini kiasi hicho.

Hawa wa mwisho sitabishana nao kwa muda mrefu. Kitabu kilichopita mikononi mwa mamilioni ya watu, wengi wao wasichana ambao bado wanajifunza mwanamume wa kupenda ni yupi, hakiwezi kuachwa nje ya uhakiki ati kwa sababu lugha yake ni nyepesi. Ninaotaka kuwasikiliza ni wale wa makundi mawili ya kwanza, na dai langu ni kwamba wote wamesoma vizuri. Wanaposifu na wanapolaani wanaonyesha jambo lilelile moja: Hoover ametumia zana zote za riwaya ya mapenzi kumfanya msomaji ampende mwanamume ambaye baadaye atampiga mwanamke tuliyekwisha kumpenda. Kinachowatenganisha wasomaji ni jinsi kila mmoja anavyoielewa ahadi ya utanzu huu. Nami naona kwamba katika sehemu kubwa ya kitabu wanaosifu wana haki, ila katika kurasa za mwisho haki inahamia kwa wanaolaani.

Lily Bloom ana miaka 23 anapokutana na Ryle Kincaid juu ya paa la jengo moja mjini Boston. Ametoka kumzika baba yake, aliyekuwa meya wa mji mdogo katika jimbo la Maine na aliyekuwa akimpiga mama yake kwa miaka mingi. Msibani aliombwa ataje mambo mema ya marehemu. Akasimama mbele ya waombolezaji, akanyamaza. Ryle ni daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, mzuri wa sura, mcheshi, asiyetaka ndoa. Wanapendana, na Lily anafungua duka la maua. Mfanyakazi wake wa kwanza, Allysa, anatokea kuwa dada yake Ryle. Pembeni mwa hadithi hii kuna shajara ambazo Lily aliziandika akiwa na miaka 15, zikisimulia habari za Atlas, kijana asiye na makazi aliyejificha katika nyumba iliyoachwa nyuma ya kwao. Ryle anamwumiza Lily mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi. Baada ya mara ya tatu Lily anagundua kwamba ni mjamzito. Anajifungua binti, na palepale hospitalini anamwambia Ryle kwamba anataka talaka. Jina la kitabu linatokana na anayomweleza mtoto wake mchanga, kwamba mnyororo wa vipigo utakatika kwao wao wawili.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alieleza kwamba kila msomaji hukifungua kitabu akiwa tayari na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na vitabu alivyosoma kabla. Katika tanzu nyingi upeo huo umelegea. Katika riwaya ya mapenzi ya Marekani umekaza kama mkataba wa kuandikiana. Romance Writers of America, chama cha watunzi wa utanzu huo, kiliweka masharti mawili tu: penzi liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Msomaji analipa pesa yake akijua kwamba lolote litakalompata mhusika mkuu, yeye msomaji atafikishwa salama. Wasioupenda utanzu huu huuona mkataba huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa chanzo cha nguvu zake, kwani mtu aliyehakikishiwa usalama hufungua moyo mapema kuliko yule anayesoma huku amejikinga.

Mwaka 1984 Janice Radway alichapisha Reading the Romance, utafiti juu ya kundi la wanawake wa mji mmoja wa Magharibi ya Kati ya Marekani aliouita Smithton, ambao walikuwa wateja wa muuza vitabu aliyepewa jina la Dot. Aliwakuta si watu wa kudanganyika ovyo. Kusoma kwao kulikuwa njia ya kujipatia saa yao wenyewe, mbali na madai ya mume, watoto na jikoni, na walikuwa wachaguzi wakali waliowakataa mashujaa katili na miisho ya huzuni. Lakini Radway aliona pia jambo lililomtia wasiwasi. Katika riwaya nyingi walizozipenda, shujaa huanza akiwa baridi, mkali, wakati mwingine mwenye dharau. Baadaye hutolewa maelezo: aliumizwa zamani, aliogopa kupenda. Msomaji hurudi nyuma kichwani mwake na kuusoma ule ukali upya kama mapenzi yaliyokosa njia ya kutokea. Kwa miaka na miaka utanzu huu umewazoeza wasomaji wake ufundi huo wa kusoma upya, na Radway aliuliza kwa haki kabisa ufundi huo unamfaa nini mwanamke anaporudi kwa mwanamume wa kweli aliye nyumbani.

Hoover anaujua ufundi huo, kwa kuwa ni mwandishi aliyetoka ndani ya utanzu wenyewe. Anachofanya ni kumwachia msomaji autumie hadi umsaliti. Mara ya kwanza tunapomwona Ryle, kabla hata hajajua kwamba kuna mtu juu ya paa, anakipiga kiti mateke kwa hasira. Kisha tunaambiwa sababu: ametoka kumpoteza mgonjwa, mtoto aliyepigwa risasi na ndugu yake. Hasira ile inageuka huruma papo hapo, na msomaji anajiona mwerevu kwa kutomhukumu mtu haraka. Ishara yote ya mambo yajayo imewekwa wazi mbele yake katika sura ya kwanza, naye ameisoma kama alivyofundishwa kuisoma.

Tazama pia kipigo cha kwanza. Wawili wamekunywa mvinyo, chakula kimeungulia ndani ya oveni, Ryle anakishika chombo cha moto kwa mkono mtupu na kuungua. Lily anacheka. Msomaji naye anacheka, maana ukurasa mzima umeandikwa kwa sauti ya wapenzi wanaotaniana. Mkono wa Ryle unamrusha Lily chini kabla kicheko hakijaisha, na sentensi chache tu baadaye Ryle yuko magotini akiomba msamaha. Ule ulikuwa mkono wa daktari wa upasuaji; maisha yake yote ya kazi yako katika vidole vile; alishtuka. Maelezo yanafika haraka kiasi kwamba msomaji anayapokea kabla ya kuhesabu maumivu. Wanaokilaumu kitabu wanasema hapa mwandishi anamtetea mpigaji. Nasema hapa mwandishi anamweka msomaji pale alipo Lily, na anamfanya atamke mwenyewe, kimoyomoyo, maneno ambayo kila mtu wa nje huapa kwamba hangeyatamka kamwe. Wangapi kati yetu, tulipofika pale, tulikifunga kitabu?

Shutuma iliyo nzito zaidi inahusu siri ya utotoni. Ryle, akiwa na miaka sita, alimwua kaka yake Emerson kwa bahati mbaya wakichezea bunduki. Wasomaji wengi wanasema siri hii ni kisingizio: mtunzi amempa mpigaji jeraha ili tumhurumie. Wangekuwa na haki kama siri hiyo ingefichuliwa mwishoni. Lakini mpangilio wa msuko ni ushahidi, na hapa unasema kinyume. Lily anaambiwa habari za Emerson baada ya kipigo cha pili, kile cha ngazi. Anasikitika, anaelewa, anabaki. Ni baada ya maelewano hayo yote ndipo linapokuja shambulio la tatu, baya kuliko yote, la kung'atwa na kujaribiwa kubakwa. Katika riwaya alizochunguza Radway, jeraha likishaelezwa huwa limepona. Katika hii jeraha ni la kweli, maelezo ni ya kweli, majuto ya Ryle ni ya kweli, na vyote vitatu havizuii chochote. Sijui riwaya pendwa nyingine ya miaka ya karibuni iliyouvunja msingi wa utanzu wake kwa utulivu kama huo, bila kumhutubia msomaji hata mara moja.

Shajara nazo zimepata lawama. Lily anaziandika kana kwamba anamwandikia mtangazaji wa televisheni Ellen DeGeneres, na wasomaji wenye umri mkubwa huziona za kitoto. Ni za kitoto kweli. Mwandishi wake ana miaka 15. Kazi ya shajara hizo ni kutuonyesha hukumu ambayo binti alimpitishia mama yake wakati ambapo hakuwa na haja ya kuelewa: kwa nini haondoki? Swali hilo linalala katikati ya kitabu kwa mamia ya kurasa, mpaka siku Lily mwenyewe anapokaa mbele ya mama yake na kukuta kwamba mama huyo aliyemdharau ndiye mtu pekee anayejua hatua kwa hatua jinsi mipaka ya mtu inavyosogezwa. Hoover ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba baba yake alimpiga mama yake, na kwamba mama aliondoka Colleen akiwa hajatimiza miaka mitatu. Sipendi kuisoma riwaya kwa wasifu wa mtunzi, lakini hapa habari hiyo inasaidia kuona kiini kilipo. Mtu anayepatanishwa na mwenzake katika kitabu hiki ni binti na mama, zaidi ya mwanamke na mpenzi yeyote.

Hata hivyo, maelezo hayo ya mtunzi yamewekwa mwishoni, na ndipo linapoingia lalamiko ambalo sina jibu jepesi kwake. Wako wasomaji ambao ni manusura wa vipigo. Walikinunua kitabu chenye ua kwenye jalada, katika rafu ya mapenzi, chini ya mkataba niliousema, ule wa kufikishwa salama. Ufundi wa Hoover unategemea kuvunjwa kwa mkataba huo bila taarifa. Kwa msomaji ambaye hajawahi kupigwa, mshtuko huo ni elimu. Kwa yule ambaye mwili wake unakumbuka, ni kuburuzwa kurudi mahali alipopakimbia, na gharama ya elimu ya mwenzake inalipwa naye. Watetezi wa kitabu hujibu kwamba onyo lingeua ufundi. Sikubaliani nao. Lily hajui yatakayompata, na usimulizi wa nafsi ya kwanza wakati uliopo hutufunga ndani ya kutojua kwake hata sisi tunapojua. Ndiyo maana mtu anaweza kukisoma mara ya pili na bado akatamani, kwa aibu, kwamba safari hii Ryle abadilike. Onyo la mistari mitatu mwanzoni lisingeondoa hamu hiyo. Lingempa manusura haki ya kuchagua siku yake ya kusoma.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna ugomvi wetu wa jinsi hii. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliondolewa mashuleni Tanzania kwa jinsi ilivyozungumza wazi juu ya mwili na ngono, na swali likawa lilelile: je, kuonyesha ni kufundisha? Kuna kipigo humo pia, cha baba mlevi, Zakaria, kwa bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Lakini Kezilahabi hamwombi msomaji ampende Zakaria hata kwa ukurasa mmoja. Hofu ya wakubwa ilihusu kinachoonekana. Kwa Hoover hofu inahusu yule ambaye moyo wa msomaji umeelekezwa kwake, na hilo ni jambo gumu zaidi kulihakiki. Mwaka huohuo wa 1971 Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo. Sheria huweza kulimaliza jambo kwa sentensi moja. Haielezi kwa nini mke aliyepigwa Jumatatu anamfungulia mume mlango Jumanne, na anayetaka kulielewa hilo atalazimika kukaa ndani ya mapenzi ya mke yule kwa muda, hata kama kukaa huko kunamchafua.

Nimesema kwamba mwishoni haki inahama. Kitabu kilichokuwa na ujasiri wa kuvunja mkataba kinaurudia mbio katika kurasa zake za mwisho. Lily amejifungua. Anamwuliza Ryle angemwambia nini binti yao kama siku moja angemjia na kusema kwamba mwanamume anayempenda anampiga. Ryle analia, anaelewa, anakubali talaka. Ni tukio linalosifiwa kuliko yote, na nakiri nguvu yake. Lakini tangu lini mtu wa namna ya Ryle hushawishika kwa swali moja? Wanaofanya kazi na waathirika wa ukatili wa majumbani wanajua kwamba kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote. Mpigaji anayehisi kwamba anapoteza umiliki huongeza kasi. Riwaya iliyokuwa na ukweli mkali juu ya kwa nini mtu anabaki inakuwa na ukweli laini mno juu ya jinsi mtu anavyoondoka. Baadaye Ryle anamchukua mtoto kwa siku zake kana kwamba hasira ile ilikuwa na anwani moja tu.

Tena, Lily anaondoka akiwa na nini? Ana duka linaloingiza pesa, nyumba yake, mama mwenye uwezo, rafiki aliyeolewa na tajiri. Na ana Atlas. Yule kijana wa shajara amerudi akiwa mmiliki wa mkahawa mashuhuri Boston, mpole, mvumilivu, anayempa Lily hifadhi siku ya shambulio la tatu. Miezi kadhaa baada ya talaka wanakutana barabarani, na msomaji anaaga kitabu akijua kwamba penzi lile la kwanza linaanza upya. Pamela Regis, katika A Natural History of the Romance Novel ya mwaka 2003, anaonyesha kwamba utanzu huu hauwezi kukamilika bila wapenzi kuahidiana. Hoover alipofika ukingoni aliogopa kuuacha utanzu wake bila ahadi hiyo, akamtafutia Lily mwanamume wa pili. Hapo ndipo wanaolaani wanapokuwa na hoja ambayo sioni namna ya kuipinga: uamuzi wa kumwacha mpigaji, ambao uzito wake wote ulikuwa katika kwamba Lily anapoteza mtu anayempenda kweli, unalipwa fidia. Mwaka 2022 fidia hiyo ikawa kitabu kizima, It Starts with Us. Kezilahabi, kwa ukali wake, hakumpa Rosa fidia yoyote. Alimpeleka hadi kujiua, na msomaji wake akabaki na hasira isiyokuwa na pa kutulia. Simwombei Lily kifo. Ningependa aachwe na binti yake, duka lake na upweke wake kwa ukurasa mmoja zaidi.

Soko, kwa upande wake, lilichagua kusoma kurasa za mwisho peke yake. Umaarufu mkubwa wa kitabu haukuja mwaka 2016. Ulikuja miaka kadhaa baadaye, vijana wa TikTok walipoanza kujirekodi wakikilia, nacho kikarudi kileleni mwa orodha za mauzo. Mwezi Januari 2023 ilitangazwa kwamba kitatolewa kitabu cha kuchora na kupaka rangi kinachotokana na riwaya hii. Wasomaji wakapinga kwa ukali, mpango ukafutwa haraka, na Hoover akakubali kwamba wanaopinga walikuwa na hoja. Mwezi Agosti 2024 filamu ilipotoka, matangazo yake yenye maua na shamrashamra za matembezi ya marafiki yalileta malalamiko yaleyale. Kinachonigusa katika matukio haya ni waliolalamika. Wengi walikuwa mashabiki, watu waliokipenda kitabu, na ambao kwa kukipenda walijua vizuri kuliko wauzaji wake kinahusu nini. Wale wanaodhani kwamba msomaji wa fasihi pendwa hunywa kila anachomiminiwa wangelitafakari hilo kabla ya kuandika tena juu ya wasomaji hawa kama watu wa kuhurumiwa.

Na ndani ya riwaya yenyewe yumo msomaji wa aina hiyo: Allysa. Lily anapomweleza kila kitu, Allysa anamjibu kwa nafsi zake mbili. Kama dada, anatamani Lily amsamehe Ryle. Kama rafiki, anamwambia kwamba akimrudia hatazungumza naye tena. Hachagui kati ya huruma yake na hukumu yake, wala haoni kwamba moja inaifuta nyingine. Anaendelea kumpenda kaka yake na anasimama mlangoni asiingie. Wahakiki waliokisifu kitabu kwa huruma yake wamenukuu nusu ya kwanza ya jibu hilo, na waliokitetea kama kitabu cha ukombozi wamenukuu nusu ya pili. Hoover ameziweka nusu zote mbili katika kinywa kimoja, ndani ya mazungumzo mamoja, bila kumpumzisha msomaji kati yake.